Jinsi ya kuhakiki Isaya 40:8: kutoka Biblia ya Kiswahili hadi gombo la Qumran

Mwalimu wa Biblia akifundisha kwamba neno la Mungu halibadiliki, swali huwa haliko mbali: tunajuaje kwamba tunachosoma leo ndicho alichosema nabii? Wengi hujibu kwamba tangu mwanzo haijabadilika hata herufi moja. Jibu hilo hupokewa kwa "Amina" kubwa, kisha huvunjika siku kijana mmoja anapofungua tanbihi za Biblia kwenye simu yake. Afadhali uchukue mstari mmoja na kuufuata nyuma hatua kwa hatua, macho yako mwenyewe yaone ulivyolindwa na mahali ulipopata jeraha. Isaya 40:8 unafaa kuliko mwingine wowote, kwa sababu unazungumzia jambo lenyewe, na kwa sababu katika nakala yake ya kale kuliko zote tulizo nazo kuna alama ambayo kila mfundishaji anapaswa kuiona.

Tenga jioni mbili. Ya kwanza ni ya hatua ya 1 hadi ya 3, ya pili ni ya zilizobaki. Andaa Biblia ya Union Version ya 1952 na tafsiri nyingine moja ya Kiswahili yenye tanbihi, daftari, na simu au kompyuta yenye intaneti. Ukiweza kupata Biblia ya Kiebrania ya kitaalamu katika maktaba ya chuo cha theolojia, iazime. Si lazima ujue Kiebrania, lakini jifunze kwanza herufi zake 22, na uzoee kwamba kinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Utahitaji pia Septuaginta, yaani tafsiri ya Kigiriki iliyoanza kufanywa na Wayahudi katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Zipo tafsiri zake mtandaoni bila malipo.

Hatua ya 1: nakili aya nzima kwa mkono

Usianze na mstari wa 8 peke yake. Nakili Isaya 40:6-8 yote, kwa kalamu, kama ilivyo katika Union Version. Mstari wa 7 unasema: "Majani yakauka, ua lanyauka; kwa sababu pumzi ya BWANA yapita juu yake. Yakini watu hawa ni majani." Wa 8 unasema: "Majani yakauka, ua lanyauka, bali neno la Mungu wetu litasimama milele."

Ukinakili utagundua jambo ambalo msomaji wa haraka halioni: mistari yote miwili inaanza kwa maneno yaleyale. Pigia mstari "Majani yakauka, ua lanyauka" mara zote mbili. Katika Kiebrania pia maneno hayo ni manne, na yanarudiwa bila tofauti hata ya herufi. Weka alama hapo, tutaihitaji katika hatua ya 5.

Hatua ya 2: uliza mstari unadai nini

Hapa ndipo masomo mengi yanapoharibikia. Maandiko ya Kiebrania yanasema neno la Mungu halibadiliki kwa namna zaidi ya moja, na ukizichanganya utaudai mstari kitu ambacho haukuahidi.

Namna ya kwanza ni ahadi: Mungu akisema, hutenda. Isaya 40 inawaambia watu walio uhamishoni Babeli kwamba falme zinanyauka kama majani, lakini alichosema Mungu juu ya kurudi kwao kitasimama. Isaya 55:10-11, Hesabu 23:19 na Yoshua 21:45 ziko kundi hili. Ya pili ni amri: usiongeze, usipunguze. Ipo katika Kumbukumbu la Torati 4:2 na 12:32, na Mithali 30:6. Hiyo ni amri kwa watu, na amri hutolewa kwa sababu watu wanaweza kuivunja. Ya tatu ni ulinzi wa maandishi yenyewe, herufi kwa herufi. Huo ni kazi ya wanakili, nao waliifanya kwa hofu ya Mungu kwa sababu waliamini mawili ya kwanza.

Isaya 40:8 uko kundi la kwanza. Ukiufundisha kana kwamba ni dhamana ya kila herufi katika kila nakala, umeuhamisha. Andika daftarini: "Mstari huu unaahidi kwamba Mungu hatavunja alilosema." Sentensi hiyo ndiyo itakayoshika somo lako mtu akija na tanbihi.

Hatua ya 3: linganisha namba kabla ya kufungua chochote

Muda mwingi hupotea hapa, na wapo waliotangaza kwamba mstari "umefutwa" kumbe walikosea hesabu tu. Namba za Biblia ya Kiebrania hazilingani kila mahali na zetu:

- Kumbukumbu la Torati 12:32 ya Kiswahili ni 13:1 ya Kiebrania.
- Isaya 9:1 ni 8:23.
- Yoeli 2:28-32 ni sura ya 3 nzima, na sura ya 3 yetu ni ya 4 yao.
- Malaki 4 ni mwendelezo wa sura ya 3, kuanzia mstari wa 19.
- Kichwa cha zaburi mara nyingi huhesabiwa kama mstari, na kirefu kama miwili. Zaburi 51:1 yetu ni 51:3 yao.

Septuaginta nayo ina hesabu yake. Zaburi ya 119 ni ya 118 huko, na Yeremia 36 ni sura ya 43, kwa sababu sura za Yeremia zimepangwa kwa utaratibu mwingine. Isaya 40:8 hauna tatizo hilo, namba ni ileile kote. Ila ukishauzoea utaratibu huu utataka kuhakiki mistari mingine, basi jedwali hili libandike ndani ya jalada la daftari.

Hatua ya 4: fungua maandishi ya Wamasora

Karibu kila Agano la Kale la Kiprotestanti unalolishika limetafsiriwa hasa kutoka maandishi ya Wamasora, wataalamu wa Kiyahudi waliofanya kazi kuanzia takriban karne ya 7 hadi ya 10, kundi maarufu zaidi likiwa Tiberia, kando ya Bahari ya Galilaya. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti peke yake. Wamasora waliongeza alama za irabu na za lahani juu na chini ya herufi, bila kugusa herufi zenyewe.

Nakala mbili ndizo za kuzijua. Ya Aleppo iliandikwa takriban mwaka 930, na alama zake ziliwekwa na Aharon ben Asher. Ilipotea kwa sehemu baada ya ghasia za 1947 huko Aleppo, Syria. Sehemu kubwa ya Torati haipo tena, lakini Isaya ipo. Ya pili ni ile inayoitwa ya Leningrad, iliyoandikwa Cairo mwaka 1008 au 1009 na sasa iko St Petersburg. Hiyo ndiyo nakala kamili ya kale zaidi ya Biblia nzima ya Kiebrania, na ndiyo iliyo msingi wa matoleo ya kitaalamu yanayotumiwa na watafsiri.

Ukiitazama picha ya ukurasa wake utaona maandishi madogo pambizoni, juu na chini. Hiyo ndiyo masora. Kiduara kidogo juu ya neno kinakupeleka pambizoni, na huko utakuta herufi yenye nukta juu. Herufi lamedi yenye nukta ina maana kwamba neno hili, katika umbo hili, halipo mahali pengine popote. Beti yenye nukta ina maana lipo mara mbili. Mnakili aliyetaka "kurekebisha" neno la ajabu aliambiwa na pambizo: liache, tunajua ni la ajabu, tumelihesabu.

Mfano ulio wazi zaidi uko Yeremia 31:38. Sisi tunasoma kwamba siku "zinakuja, asema BWANA". Katika Kiebrania neno "zinakuja" halimo. Maneno hayohayo yanatokea mara nyingi katika Yeremia, na mtoto wa shule angejua ni neno gani limepungua. Wamasora hawakulitia. Waliacha nafasi, wakaweka irabu zake zikining'inia pale bila konsonanti, na pambizoni wakaandika kwamba neno hilo linasomwa ingawa halikuandikwa. Kama unatafuta jambo moja la kuonyesha darasa lako jinsi watu hawa walivyoiogopa ile amri ya Kumbukumbu la Torati 4:2, waonyeshe hili.

Hatua ya 5: fungua gombo

Gombo kubwa la Isaya liligunduliwa mwaka 1947 katika pango la kwanza la Qumran, kaskazini magharibi mwa Bahari ya Chumvi. Ni vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, urefu wake ni meta 7.34, na lina safu 54. Liliandikwa katika karne ya 2 kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka 1,000 kabla ya nakala ya Leningrad. Liko Jerusalem, katika Jumba la Makumbusho la Israeli, na picha zake zote zimewekwa mtandaoni na jumba hilo tangu 2011. Unaweza kuzivuta karibu mpaka ukaona mishono ya ngozi.

Usilichanganye na gombo la pili la Isaya lililotoka pango hilohilo. Lile limebaki vipande, na maandishi yake yako karibu zaidi na ya Wamasora. Mtu akikuambia "gombo la Isaya linafanana kabisa na Biblia yetu", muulize ni lipi kati ya hayo mawili.

Nenda safu ya 33. Hakuna namba za mistari wala irabu, kwa hiyo usizitafute. Hesabu mistari ya wino kutoka juu hadi wa 7. Hapo utaona maandishi mengine, madogo zaidi na ya mkono mwingine, yaliyobanwa juu ya mstari, kisha yakakosa nafasi na kuteremka kando ya pambizo la kushoto.

Kilichotokea ni hiki. Mnakili wa kwanza aliandika "majani yakauka, ua lanyauka" kisha akaendelea moja kwa moja na "neno la Mungu wetu litasimama milele". Maneno 12 ya Kiebrania yaliyo katikati, kuanzia "kwa sababu pumzi ya BWANA" hadi "majani yakauka, ua lanyauka" ya pili, hayakuwamo. Mtu mwingine baadaye akayaongeza. Na alipofika kwenye Jina la Mungu hakuliandika, aliweka nukta nne, moja kwa kila herufi. Zitafute. Heshima hiyohiyo ndiyo unayoiona katika Union Version inapochapa BWANA kwa herufi kubwa.

Kwa nini yalikosekana? Rudi kwenye daftari lako, hatua ya 1. Jicho linaloinuka kutoka kwenye nakala ya chanzo na kurudi hutafuta maneno lililoishia. Maneno hayo yakiwepo mara mbili karibu karibu, jicho hutua kwenye yale ya pili, na yaliyo katikati huachwa. Ni kosa la kunakili linalojulikana sana, na hata wewe unaweza kulifanya ukinakili Kiswahili chake usiku. Wapo wataalamu wanaofikiri vinginevyo: kwamba umbo fupi ndilo la zamani, na maneno yale yaliongezwa baadaye kama ufafanuzi. Mpe mwanafunzi maelezo yote mawili. Ukitoa moja tu na yeye akalisoma la pili kwingine, ataona umemficha.

Hatua ya 6: Septuaginta na Petro

Sasa fungua Isaya 40:7-8 katika Septuaginta. Nayo ina umbo fupi: majani yamekauka, ua limeanguka, bali neno la Mungu wetu hudumu milele. Kisha fungua 1 Petro 1:24-25: "Majani hukauka na ua lake huanguka, bali Neno la Bwana hudumu hata milele." Petro anafuata umbo hilohilo fupi, bila pumzi ya BWANA, na bila kurudia majani mara ya pili.

Tulia hapa na darasa lako, kwa sababu ni hapa panapoonekana maana ya ile sentensi ya hatua ya 2. Mtume alinukuu mstari kwa maneno machache kuliko yaliyo katika Isaya yetu, na ahadi aliyoitangaza ni ileile nzima. Aliye na umbo refu na aliye na umbo fupi wote wanaambiwa kwamba mwanadamu ananyauka na alichosema Mungu hakinyauki.

Hatua ya 7: pima tofauti nyingine kwa uzito wake

Ukishajua kutazama, utaziona tofauti nyingi. Usizitupe kapu moja.

Nyingi mno ni za tahajia. Gombo kubwa la Isaya linapenda kuongeza herufi zinazosaidia kusoma, kama mtu anayeandika neno kwa urefu na mwingine kwa ufupi. Hizo zipite haraka. Nyingine ni kuteleza kwa mnakili: Isaya 6:3 katika gombo hilo ina "Mtakatifu" mara mbili badala ya tatu.

Kundi la tatu linahitaji muda, maana hapo hati za kale zinaweza kuwa zimetunza kitu. Katika 1 Samweli 17:4 Goliathi ana mikono sita na shibiri moja, lakini hati ya Samweli ya pango la 4 la Qumran pamoja na Septuaginta zinasema mikono minne na shibiri, yaani takriban meta 2 badala ya 3. Zaburi 145 ni zaburi ya alfabeti, kila mstari una herufi yake, lakini ina mistari 21 tu kwa herufi 22. Mstari wa herufi nuni, baada ya wa 13, haupo katika nakala za Leningrad na Aleppo. Upo katika gombo la Zaburi la pango la 11 na katika Septuaginta, nao unasema Mungu ni mwaminifu katika maneno yake na mwenye fadhili katika matendo yake yote. Angalia tafsiri yako kama imeutia, au imeuweka kwenye tanbihi.

La nne ni zito zaidi: Yeremia ya Septuaginta ni fupi kuliko ya Kiebrania kwa takriban sehemu moja ya saba, na vipande viwili vya Qumran vinaonyesha kwamba hata katika Kiebrania lilikuwepo umbo fupi. Hapa hatuzungumzii kuteleza kwa jicho, kitabu kilisambaa katika matoleo mawili. Kabla hujaogopa, soma Yeremia 36. Mfalme Yehoyakimu alikata gombo kila ziliposomwa safu tatu au nne na kulitupa motoni. Yeremia akamwamuru Baruku aandike jingine, na mstari wa 32 unasema wazi kwamba maneno mengi ya namna ileile yaliongezwa. Biblia yenyewe inasimulia jinsi gombo lilivyoteketea, neno likabaki, na toleo la pili likawa refu kuliko la kwanza.

Upande wa pili wa mizani, weka gombo la Mambo ya Walawi la En-Gedi. Lilikuwa limeungua likawa kaa, lilipatikana 1970 na halikuweza kufunguliwa hadi kompyuta ilipolikunjua kwa picha za eksirei, na matokeo kutangazwa 2015 na 2016. Konsonanti zilizosomeka ndani yake ni sawasawa na za Wamasora.

Usitumie asilimia zinazozunguka kwenye mahubiri, kwamba gombo linafanana na Biblia yetu kwa asilimia kadhaa. Idadi hutegemea kama tahajia imehesabiwa, na anayeitaja kwa kawaida hajui.

Hatua ya 8: usiikimbie Ninawi

Msikilizaji makini ataacha hati na kuuliza: mbona Mungu alisema Ninawi itaangamizwa kwa siku arobaini, na haikuangamizwa? Mbona Hezekia aliambiwa utakufa, kisha akaongezewa miaka 15 (Isaya 38)? Mjibu kwa Yeremia 18:7-10, ambapo Mungu anatoa kanuni mwenyewe: taifa lililotishiwa likigeuka, ataghairi mabaya, lililoahidiwa mema likiasi, ataghairi mema. Kisha msome naye 1 Samweli 15 yote, si mstari wa 29 peke yake. Sura hiyohiyo inasema Mungu amejuta kumtawaza Sauli, na inasema yeye si mwanadamu hata ajute. Mwandishi aliyaweka yote mawili kwa makusudi, na anayefundisha asikate moja.

Maswali mengine yatakayokuja

"Mbona nakala za kale ni chache?" Kwa sababu Wayahudi hawatupi wala hawachomi gombo lililochakaa. Hulihifadhi chumbani, genizah, kisha hulizika. Chumba cha sinagogi la Ben Ezra huko Cairo kilibaki na maelfu ya karatasi na ngozi hizo, na sehemu kubwa ilipelekwa Cambridge mwishoni mwa karne ya 19.

"Leo bado wananakili kwa mkono?" Ndiyo. Gombo la Torati lina herufi 304,805, kwa kawaida mistari 42 kwa safu, kwa wino mweusi juu ya ngozi ya mnyama halali. Mnakili haruhusiwi kuandika kwa kumbukumbu, hutazama nakala na kulitamka neno kabla ya kuliandika. Herufi zisigusane. Akikosea neno la kawaida hukwangua na kuandika upya, lakini Jina la Mungu halikwanguliwi: akikosea hapo, ngozi nzima huondolewa na kwenda genizah. Gombo lililogunduliwa kosa lirekebishwe ndani ya siku 30. Magombo ya Wayahudi wa Yemen yanatofautiana na ya wengine kwa herufi tisa tu, karibu zote za tahajia.

"Herufi ikififia je, nani anaamua?" Huitwa mtoto anayejua herufi lakini bado hajaelewa maana ya anachosoma, maneno mengine yakafunikwa asibahatishe. Akiisoma ilivyo, gombo linaendelea kusomwa. Akishindwa, linarudishwa sandukuni na kutolewa jingine, na ibada inaendelea kutoka neno lilelile.